Mlevi akiacha pombe mrudishieni kazi, msiishie kumpigia makofi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua yangu ni ndefu ila kurasa za michezo mnajaza Simba na Yanga mwaka mzima, siku moja mkiwapumzisha hawatasusa.

Mimi ni mama wa duka la spea za pikipiki hapa Mwanjelwa, na nina pikipiki zangu nimewapa vijana kwa mkataba, kwa hiyo habari za boda na pombe nazijua kwa kuziona, sijasimuliwa. Ila leo nataka kuandika kuhusu mpanda farasi. Najua mtasema farasi na Mbeya wapi na wapi, huku hata punda ni wa kutafuta. Lakini ingieni vibanda vya kubeti hapa Kabwe saa yoyote mkaone, vijana wamekaa kimya kama wako kwenye mtihani wanatazama farasi wa kwenye kompyuta wanakimbia, farasi hawapo, wapandaji hawapo, hela inayoliwa ndo ipo. Sasa mimi nawaletea mpandaji aliyekuwepo kweli, anaitwa Pat Day, Mmarekani, na huyo alikuwa mlevi.

Kidogo tu kuhusu hiyo kazi yenyewe ili tuelewane. Mpanda farasi wa mbio, wenyewe wanamwita joki, farasi sio wake. Farasi ni wa tajiri, anatunzwa na kocha wake, joki anaitwa siku ya mbio anapanda anashuka, akishinda anakatiwa fungu lake ambalo kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya zawadi, akiishia mkiani anapata hela ya kupanda tu basi. Hana mshahara wa mwezi wa kuegemea. Kesho tajiri akisema huyu simtaki, hana farasi. Mnaona nilivyomwelewa haraka? Ni boda aliyepanda pikipiki ya mtu, tofauti ni kwamba yeye halipi hesabu ya tajiri jioni, anakatwa kabisa kabla hajaishika.

Day alizaliwa mwaka 1953 jimbo la Colorado, akakulia kwenye milima na baridi kama huku kwetu, na ndoto yake ya ujana wala haikuwa mbio za farasi, alitaka kupanda mafahali yale ya kwenye maonyesho yanayorusha watu. Watu wakamwangalia kimo chake, mita moja na nusu hivi, na wepesi wake, wakamwambia wewe nenda kwenye farasi wa mbio. Akaenda. Ushindi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1973 kwenye kiwanja kidogo huko Arizona, na kutoka hapo akapanda haraka mno, na pombe na madawa vikapanda naye. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wanadhani mlevi ni yule aliyeshindwa maisha, kalala mtaroni pale Mafiati, kiatu kimoja hakionekani. Hapana jamani. Huyu alikuwa anakunywa huku anashinda.

Mwaka 1982 alikuwa anafukuzana na mpandaji mwingine mkubwa sana anaitwa Angel Cordero Jr., wanagombea nani atamaliza mwaka na ushindi mwingi kuliko joki yeyote Marekani. Siku ya mwisho ya mwaka, tarehe 31 Desemba, Day amemaliza mbio zake za mchana New Orleans, akapanda ndege kwenda kiwanja kingine hukohuko Louisiana kuwahi mbio za usiku, ili tu aongeze. Akaongeza, akamaliza mwaka na ushindi 399, bingwa wa nchi nzima. Watu wangapi wanapata kitu kama hicho maishani? Na mwenyewe baadaye amekuwa akisimulia kwamba baada ya ile furaha alijikuta mtupu, alitegemea ubingwa utamjaza haukumjaza, akazidisha kunywa. Hapo ndipo ninapowashangaa wale wanaosema kijana akipata hela ataacha pombe. Akipata hela atabadilisha chupa tu, atatoka kwenye komoni aende kwenye bia.

Haya, Januari 1984 yuko hotelini Miami peke yake, kesho yake ana mbio. Anawasha runinga anakutana na mhubiri Jimmy Swaggart, hana mpango na mahubiri, anazima analala. Anasema akashtuka usingizini akahisi hayuko peke yake mle chumbani, akawasha tena runinga, mhubiri yuleyule sasa anaita watu waje mbele, basi akapiga magoti palepale kwenye zulia la hoteli. Kutoka usiku ule akaacha, pombe na madawa.

Najua hapa wasomaji wenzangu wa Mbeya wameshasema amina. Huu mji ni wa makanisa, kila mtaa una spika, na stori kama hii ndo tunayoipenda kuliko zote. Na mimi nimeokoka, wala siibezi. Ila nina neno moja nalo ndo limenifanya nishike kalamu: tunaupenda sana ule usiku wa hotelini, kesho yake hatuitaki. Mtu anasimama kwenye mkutano wa injili Ruanda Nzovwe anatoa ushuhuda nimeacha pombe, tunapiga vigelegele, mama zetu wanalia, anapigwa picha inaenda kwenye magrupu ya WhatsApp. Jumatatu asubuhi yule mtu anaamka anaenda wapi? Hilo halina kwaya.

Kuna kijana namfahamu, simtaji na wala tajiri wake simtaji. Alikuwa boda mzuri, mstaarabu, abiria wa kike walikuwa wanaomba namba yake kwa sababu haendeshi kihuni. Pombe ikamla. Alianza na viroba, zile pombe kali za pakiti, kabla serikali haijavipiga marufuku mwaka 2017, vilivyotoka sokoni akahamia kwenye chupa ndogondogo za plastiki, hela ikikata anashuka kilabuni. Akaanza kuchelewesha hesabu, akaangusha pikipiki, akanyang'anywa, na hapo simlaumu tajiri, hata mimi ningeichukua. Baadaye akaacha kweli, akakaa bila kunywa muda wa kutosha watu tukaona mashavu yamerudi. Akaenda kuomba kazi kila mwenye pikipiki tunayemjua, na jibu lilikuwa moja, wewe tunakujua. Sasa mtu mzima hana kazi anakaa wapi? Anakaa kijiweni, na kijiwe kiko mbele ya kilabu, na wanaompa ofa ni walewale, hakuna anayekupa ofa ya chapati bwana, ofa ni ya pombe. Akarudi kulekule. Na watu wakasema si mnaona, tulisema.

Turudi kwa Day. Kesho yake ile baada ya hoteli alikuwa na farasi wa kupanda! Ndo maana nimeileta hii stori. Alifikiria kuacha mbio akawe mhubiri, halafu akaona kazi yake ya kumtumikia Mungu ni hapohapo uwanjani, akabaki. Akarudi kwenye mabanda yaleyale, watu walewale, na matajiri wakaendelea kumpa farasi. Tena Marekani viwanja vya mbio vina wachungaji wao kabisa, wanashinda kule nyuma kwenye mabanda na vijana wanaofagia mavi ya farasi, wengi wanaishi humohumo na pombe kule ni shida kubwa, na Day akawa mtu wa karibu sana na huo utumishi mpaka leo. Yaani mtu anayekuuliza hali yako anakukuta kazini kwako, hasubiri Jumapili.

Novemba ya mwaka uleule wa 1984 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano makubwa yanaitwa Breeders' Cup, California, na mbio kubwa kuliko zote siku ile ilikuwa na zawadi ya dola milioni 3. Day kapewa farasi anaitwa Wild Again, farasi ambaye matajiri wake hawakuwa wamemsajili mwanzoni ikabidi watoe dola 360,000 ili aingie tu, na wenye mikeka mtanielewa nikisema odi yake ilikuwa 31 kwa 1, hakuna mtu mwenye akili zake aliyemweka. Mwishoni wakabaki farasi watatu wamebanana, wanagusana, huyu anamsukuma huyu, Wild Again yuko ndani kwenye uzio, akafika wa kwanza kwa tofauti ya kichwa. Waamuzi wakakaa kuangalia rekodi maana walikuwa wamegongana sana, wakaona Day hana kosa, ushindi wake ukabaki. Day akavua kofia akaangalia juu. Miezi kama kumi tu tangu aache. Sasa jiulizeni, matajiri waliotoa hela yote ile wangesema huyu tunamjua, juzi tu alikuwa anapepesuka, mpeni mwingine. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hawakusema.

Na baada ya pale sio kwamba alishinda siku moja akapotea. Septemba 1989 kiwanja cha Arlington karibu na Chicago alipanda farasi 9 kwa siku moja akashinda 8. Mwaka 1991 wakamuingiza kwenye jumba la heshima la mbio za Marekani. Kentucky Derby, ambayo kule ni kama fainali ya Kombe la Dunia, ilimtesa, kapanda na kapanda hashindi, mpaka mwaka 1992 akaja kuipata na farasi Lil E. Tee, na kwenye maisha yake yote alipanda Derby 22 akashinda hiyo moja. Napenda sana hiyo hesabu kuliko zile za ushindi. Kanyimwa mara 21 kitu alichokitaka kuliko vyote na tangu aache hakurudi kwenye chupa. Alistaafu 2005 nyonga zikiwa zimechoka, ana ushindi 8,803, na farasi aliowapanda walikuwa wamekusanya karibu dola milioni 298, wakati ule hakuna joki mwingine aliyefika hapo. Sehemu kubwa sana ya hizo 8,803 ni za baada ya ile hoteli.

Kuna kitu kingine naomba nikiseme ingawa najua kitaudhi wachungaji. Yule mhubiri wa kwenye runinga, mwaka 1988 yeye mwenyewe akakutwa kwenye kashfa ya makahaba, akalia mbele ya kamera dunia nzima ikaona. Day hakurudi kwenye pombe kwa sababu hiyo. Kama kupona kwake kungekuwa kumening'inia kwenye koti la mhubiri, kungeanguka siku ile. Kulikuwa kumeshikwa na mambo mengine mengi, ndoa, ibada, watu wa mabandani, na kuamka alfajiri kwenda kwenye farasi.

Sasa kwa wale ambao mambo ya wokovu sio yao, nina mwingine, huyu wa Ireland, Johnny Murtagh. Huyu hakuonyeshwa kitu usiku. Mwaka 1989 alikuwa bingwa wa wapandaji wanafunzi kwao, kijana mdogo anatabiriwa makubwa, anapandia kwa kocha anaitwa John Oxx. Shida yake ya kwanza ilikuwa uzito, na hapa inabidi muelewe, hii kazi mnapimwa na tandiko lenu, farasi wa Derby, maana nao wana Derby zao, anabeba kama kilo 57 mtu na kila kitu, mbio nyingine chini ya hapo, kwa hiyo joki mwenye mifupa mikubwa anashinda njaa, anajifungia kwenye joto atoe jasho, hanywi hata maji. Mwili mtupu wa namna hiyo bia moja inaupiga kama tatu, na pombe inadanganya njaa, mtu hali anakunywa. Day yeye hakuwa na shida ya uzito, aliumbwa mdogo, na bado alilewa, kwa hiyo msije mkasema ni njaa tu. Basi Murtagh akanywa mpaka miaka ya mwanzo ya 90 akapoteza kazi kwa Oxx. Akaenda kutibiwa, akaacha. Na Oxx akampokea tena.

Someni tena hiyo sentensi ya mwisho. Mwaka 1995 akawa bingwa wa Ireland, na mwaka huohuo akiwa na farasi jike wa Oxx anaitwa Ridgewood Pearl wakashinda mpaka Marekani. Mwaka 2000 farasi mwingine wa Oxx, Sinndar, akampa Derby ya Epsom Uingereza, Derby ya Ireland na mbio za Arc za Paris, zote tatu mwaka mmoja, hakuna farasi aliyekuwa amefanya hivyo kabla. Derby ya Epsom akaja kuichukua tena 2002 na 2005, ubingwa wa Ireland mara tano kwa jumla, na sa hivi yeye mwenyewe ni kocha, anawapa wengine farasi. Kocha aliyemfukuza ndo aliyefaidi aliporudi. Huruma ilikuwepo ndiyo, na biashara ilikuwepo, mimi muuza spea naiona hata kutoka huku.

Nishasikia mtu anasema mama wewe unataka tuwape walevi pikipiki waue watu pale mteremko wa Iwambi. Hapana, na hilo naomba lisipotoshwe. Kule wenzetu wanaporudisha kazi hawafumbi macho, Uingereza joki anaweza kupimwa pumzi kabla ya mbio na kiwango chao ni kikali kuliko cha barabarani, akizidi hapandi. Na mimi nasema mtu aliyeacha apewe kwanza deiwaka ya asubuhi, masaa machache, pikipiki inarudi dukani kabla giza halijaingia. Asipewe mkataba mkubwa wa kumpa presha ya hesabu. Kama hafai barabarani bado, aoshe pikipiki, abadilishe oil, akae na fundi. Ukimnusa ana harufu leo, leo hapandi, kesho anakuja tena tunaangalia. Ukimkuta amelewa juu ya pikipiki, imeisha. Ni kazi ngumu kumsimamia mtu hivyo sikatai, na wengine watatuangusha, lakini hata hawa tunaowaamini wanatuangusha, wanauza matairi wanaweka makuukuu wanadhani hatuoni.

Halafu jambo la hospitali, hili lisichukuliwe kirahisi. Stori ya Day ya kuacha usiku mmoja inaweza kumdanganya mtu anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi miaka na miaka. Huyo akikata ghafla mwili unagoma, anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu visivyokuwepo, anaweza kupata degedege siku ya kwanza au ya pili, na watu wanakufa hivyo. Huku kwetu akianza kuona vitu tunasema ni mapepo au karogwa, anafungiwa ndani anaombewa, wakati kuna dawa za kumtuliza na vitamini za kumchoma ambazo daktari anazijua. Mwombeeni, ila mwombeeni akiwa wodini. Na ndugu zangu wa Iringa na Njombe, najua masika ulanzi ukianza kutoka ni furaha na ni mila, hata mimi nikipewa ule mtamu wa asubuhi sikatai, ila mnaomfahamu mtu aliyeacha msimpitishie kibuyu mkamwambia onja tu kidogo. Hana kidogo huyo.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kurasa za michezo mkiandika mabingwa andikeni na hizi habari za katikati, mtu alipoanguka nani alimpa kazi tena. Na ukurasa wa afya tuwekeeni siku moja orodha ya hospitali za nyanda za juu kusini zinazopokea wagonjwa wa pombe, siku zao za kliniki na kama bima inalipa, maana nimeuliza kwa watu kila mtu ananiambia nenda Dodoma, Mirembe, sasa mtu wa Makete au Tukuyu afunge safari mpaka Dodoma huku anatetemeka? Mkiichapa nitaibandika mlangoni dukani kwangu pembeni ya bei za matairi, vijana wote wanasimama pale. Na wenye pikipiki wenzangu wa Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi wanaotaka tukae tupange haya mambo ya deiwaka, waje dukani jioni, chai ipo.

Wako msomaji,
Mama wa duka la spea,
Mwanjelwa, Mbeya